Krismasi hii mnasoma nini, mnasikiza nini, na mtakuwa wapi?

Mama_wa_Lanet
Wadau hamjambo. Niko Nakuru hapa Lanet, na mwaka huu tumeamua tunaenda Khayega, upande wa Kakamega, kwa mama mkwe kuanzia kabla ya Krismasi mpaka mwaka mpya uingie, mimi, mzee na watoto wawili, msichana ako gredi ya nane na kijana gredi ya nne. Safari tumezoea. Kile kinanisumbua ni jioni. Mnajua venye inakuwanga, mkishakula kila mtu anachukua simu yake anaingia kona yake, watoto wako kwa video, mashemeji wako kwa mpira, na mama mkwe anabaki ameketi na redio yake pekee yake na ni yeye tumesafiri kuona! Mwaka jana hio kitu ilinikaa vibaya sana kwa roho.

Sasa nataka jioni tuketi sebule moja tufanye kitu pamoja, tusome kitabu kwa sauti, ama mziki, ama muvi ya kuangaliwa na wote. Iko sola na tivi ndogo lakini haiwezi kutubeba usiku mzima, kwa hivyo kitabu ndio naona itafanya kazi kubwa.

Mimi kila Disemba lazima nirudie A Christmas Carol ya Charles Dickens. Ni fupi, iko na sehemu tano, na ilitoka 19 Disemba 1843, ile toleo la kwanza nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi kufika. Kitu napenda zaidi ni kwamba Dickens mwenyewe alikuwa anasimama mbele ya watu anaisoma, mara ya kwanza hadharani ilikuwa Birmingham Disemba 1853, na akataka kuwe na usiku wa wafanyikazi kuingia kwa bei ya chini. Yaani ni kitabu ya kusomewa watu. Nafikiria nisome kipande kwa Kizungu alafu nawasimulia kwa Kiswahili, sehemu moja kila jioni. Mnaonaje, mama wa umri wake ataipenda? Na nyinyi mnapenda nini msimu huu, vitabu, vipindi, nyimbo, na mipango yenu ni gani?

NyarDunga
Dada karibu upande wetu. Wazo lako nimelipenda sana lakini wacha nikuambie ukweli, usianze na Dickens. Sio kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu siku ya kwanza mama mkwe atakuwa mgeni kwa nyumba yake mwenyewe, London, baridi, theluji, mzee wa kukopesha watu pesa, yote hayo wewe ndio utakuwa unamwelezea na yeye anaitikia tu kwa heshima. Anza na kitu yenye yeye ndio atakuwa anawaelezea nyinyi.

Chukua The River and the Source ya Margaret Ogola, ilitoka 1994 na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Commonwealth ya kitabu cha kwanza upande wa Afrika. Wengi waliisoma shule kwa sababu ya mtihani wakaiweka chini wakasahau, na hiyo ni hasara, kwa sababu ni kitabu ya vizazi vinne vya wanawake na inaanzia huku kwetu ziwani, kwa Akoko. Usisome yote, ni ndefu. Soma mwanzo pale Akoko anazaliwa, soma mambo ya mahari, alafu usome pale shemeji yake anakalia kiti cha uchifu na kula mali ambayo si yake na Akoko anaamua kusafiri mpaka Kisumu kudai haki kwa serikali ya wazungu. Mjane, hajui Kizungu, hana mtu mkubwa wa kumshika mkono, na anaenda. Mimi nikifika hapo huwa naacha kusoma kidogo ndio niendelee.

Sasa hapo unafunga kitabu unamuuliza mama, je huku kwenu mahari ilikuwa ng'ombe wangapi, na mjane alikuwa anafanyiwa nini? Huyo msichana wako wa gredi ya nane atasikia vitu hajawahi kusikia, na hatakumbuka simu iko wapi.

Kama unataka kitu ya jioni moja tu, kuna hadithi fupi ya O. Henry, The Gift of the Magi, ya 1905. Bibi na bwana hawana pesa, bibi anauza nywele zake anunulie bwana mnyororo wa saa, kumbe bwana ameuza hiyo saa anunulie bibi vitana vya nywele. Hii hata ukiisimulia bila kitabu inaingia vizuri na watoto wataanza kubishana nani alipata hasara kubwa.

Mziki kwetu ni Jim Reeves asubuhi, ile albamu ya Krismasi ya 1963, nyumba ikisafishwa na chapati zikipikwa. Mimi niko Kisumu tu, hatutoki. Tarehe 26 tunashuka Dunga tunakula samaki ngege pale pale na wajukuu wa dada yangu waone ziwa, wengine wamezaliwa Nairobi hawajawahi kupanda mashua.

Ah na kitu ingine, hiyo ya Dickens iko na mizimu wanaingia usiku na minyororo. Jua vile mama mkwe anachukulia hizo mambo kabla hujazima taa.

Kijana_Section58
Home Alone. Najua watu watasema imezeeka, ni ya 1990, lakini hakuna muvi nyanya, baba na mtoto wa gredi ya nne watacheka pamoja bila mtu kutafsiri kama hio, hawa wezi wakianguka kwa ngazi hakuna haja ya lugha. Weka kwa flashi ukiwa bado Nakuru. Alafu tafuta vipande vya Vitimbi za kitambo, ile vichekesho ya tivi, Mzee Ojwang na Mama Kayai. Ojwang alituacha 2015 na mpaka leo akionekana tu kwa skrini nyumba yetu yote inanyamaza kusikiza.

Mimi natoka Nakuru tarehe 20 na nawashauri msingoje 23 ama 24, nauli inapanda ovyo na mkifika steji mnapata watu wamejaa mpaka barabarani.

Omwana_Khayega
Mulamwa, yaani shemeji, karibu sana nyumbani! Mkipitia Kisumu mtashika hio barabara ya Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, na mkifika Khayega mko nyumbani. Mbele kidogo ukienda Kakamega kuna lile jiwe la Ilesi, jiwe linalolia, wapeleke watoto, ni karibu.

Lakini kwa hii maneno ya jioni mimi nauliza, mbona mnatafuta mziki wa mbali na mnakuja pahali isukuti inatoka? Hio ngoma ni yetu Waisukha na Waidakho, na 2014 UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kulindwa haraka maanake ni kwamba wazee wanaojua kupiga wanapungua na vijana hawachukui. Zinapigwa tatu, kubwa, ya katikati na ndogo, na kuna pembe ya swara na njuga za chuma. Disemba ndio utazipata sana kwa sababu watu wako nyumbani, harusi ziko, na kuna ng'ombe wa kupigana. Ng'ombe na ng'ombe, hakuna mtu na mkuki kama ile ya Hispania, yule amezidiwa anakimbia na mambo yameisha. Inaanza mapema asubuhi, unasikia isukuti ukiwa bado kwa blanketi na watu wanakimbia na ng'ombe wao kwenda uwanjani. Mzee wako anajua, mwambie aamke na kijana. Tu msisimame mbele, ng'ombe akikimbia hachagui njia.

Kwa hivyo jioni moja usisome chochote. Mwambie mama aimbe zile nyimbo za isukuti za wakati wake, na msichana arekodi kwa simu. Si hio simu mnalalamikia, wacha ifanye kazi.

Mwalimu_wa_Kwaya
Habari zenu wapendwa. Nafundisha kwaya huku Bungoma na nimesoma hii yote nikiwa natabasamu. Naunga mkono Omwana kwa isukuti, lakini dada NyarDunga na Jim Reeves wake pia hajakosea, hata Boney M wakiimba ile yao ya 1978 ya Mtoto wa Mariamu sijaona nyumba ya Magharibi ambapo mama hasimami na mwiko mkononi.

Lakini spika ni ya kusikiza, na mama mkwe amechoka kusikiza, hata redio anasikiza mwaka mzima. Mpe nafasi ya kuimba. Chukua ule wimbo wa Usiku Mtakatifu, kila dhehebu linaujua. Waambie watoto historia yake kwanza. Padri Joseph Mohr alikuwa ameandika maneno tangu 1816, akampelekea mwalimu Franz Gruber atunge sauti, na ukaimbwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi 1818 kwa kanisa ndogo la Oberndorf huko Austria. Sauti mbili na gitaa tu. Mwalimu wa shule na padri wa kijiji, hawakuwa watu wakubwa! Sasa nyinyi pia gawaneni, watoto sauti ya kwanza, mama alto, na kama baba ya watoto anaweza besi basi mko kamili. Zimeni tivi, zimeni taa hata, wimbo huo hautaki vitu mingi.

Kwa kitabu, mmesahau Kiswahili kabisa na hiyo imeniuma. Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Kongowea Mswahili, mamake alikuwa mwimbaji wa taarab, anatoka Tanga kumtafuta babake mpaka Kitale. Kitale! Yaani anakuja huku kwetu. Hapo hauhitaji kutafsiri kitu, msichana wa gredi ya nane anaweza kusoma yeye mwenyewe kwa sauti na nyanya anafuata kila neno, na ile hamu ya kujua kama atampata baba itawarudisha wote sebuleni jioni inayofuata bila kuitwa. Walibora tulimpoteza Aprili 2020 na mimi bado sijazoea.

Na hiyo ya mizimu ya Dickens isikutishe. Waambie mapema kwamba Scrooge, yule mzee wa kukopesha pesa, anaamka asubuhi ya Krismasi akiwa mzima kitandani, na kitu ya kwanza anafanya ni kununua bata mzinga mkubwa ampelekee karani wake Bob Cratchit. Mama akijua mwisho ni huo atavumilia minyororo ya Marley, yule mzimu.

Mama_wa_Lanet
Aki asanteni. Mmenibadilisha plani yote na nimefurahi. Tunaanza na Siku Njema, msichana ndio atasoma, nimemwambia saa hii na ameshaanza kutafuta kwa maktaba ya hapa mjini kama iko. Akoko nitabeba pia, hizo sehemu umetaja NyarDunga. Dickens nitamweka tarehe 24, ile sehemu ya mwisho pekee, ya bata mzinga. Tunaondoka 20 pia.

Omwana, nikiambia mama aimbe isukuti hataona ni kama namtania? Ni mtu wa kanisa sana, na mimi ni mke wa mtoto, naogopa kumkosea heshima.

Omwana_Khayega
Usimuulize wewe. Mtume mjukuu yule mdogo amuulize wakiwa wanachambua mboga mchana. Mjukuu hakataliwi. Akianza moja wewe nyamaza tu, endelea na mboga, ataimba mpaka ya tatu.

NyarDunga
Hapo amesema. Na ubebe betri za redio za ziada, usimnyang'anye kabisa, kuna kipindi cha salamu lazima asikize.