Mpwa wangu hana uraia wowote: je, naweza kumwandikisha kama mwanangu?

Mjomba wa Langoni (mwenye uzi):
Assalaam alaykum. Naomba ushauri katika jambo linaloninyima usingizi. Dada yangu, mzaliwa wa Lamu, aliolewa na raia wa Oman, akaandikishwa uraia wa huko mwaka 2006, na kwa kuwa Oman haikubali uraia pacha, aliukana uraia wa Kenya kwa maandishi. Ndoa ilipovunjika alirudi nyumbani, akaolewa na Mbajuni aliyekimbia vita upande wa Kismayu, wakajaaliwa mtoto wa kiume hapa hapa Lamu. Baba yule alifariki bila kuacha karatasi yoyote, na mama amesharudi Masqat. Oman haimtambui mtoto, kwani mama wa huko hampi uraia mtoto aliyemzaa na mume mgeni. Kwa upande wa Somalia sina cha kuonyesha, na kwa Kenya naambiwa kuwa mama hakuwa raia alipojifungua. Mtoto ana miaka 14 na mlezi wake ni mimi. Nikimwandikisha kwa jina langu na la mke wangu, kutakuwa na tatizo?

Bi Mkubwa wa Shela:
Wa alaykum salaam. Mwanangu, kabla ya serikali kuna Mola. Kulea yatima ni thawabu kubwa, lakini kumvua nasaba ya baba yake na kumvika yako ni jambo ambalo dini imelikataza waziwazi, na kesho atakuja kuoa asijue nani ni maharimu wake. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaitambua kafaala, ambayo inakuwezesha kumlea bila kubadilisha ukoo wake. Nenda kwa Kadhi.

Nahodha Mstaafu:
Bi Mkubwa, kafaala haimpi mtu pasipoti. Mimi nimezaliwa Kiunga, baba yangu Kiunga, na bado nilipoomba kitambulisho wazee wa kamati ya kuwahoji waombaji walinitaka nimtaje babu wa babu yangu. Nikawauliza kama wao wanamjua wa kwao, nikarudishwa nyumbani. Jahazi langu lilipata namba ya usajili kabla yangu. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa mahojiano yale katika kaunti za mpakani, basi huenda vijana wa leo wakapumua.

Mke wa Mpemba, Malindi:
Mimi nakuambia usikate tamaa. Wakwe zangu ni Wapemba, na babu zao walivua samaki pwani hii miaka mingi bila kuhesabiwa kuwa watu wa nchi yoyote. Mume wangu alikuwa akiuza samaki wake kwa laini ya simu ya rafiki, na rafiki akimpa alichotaka kumpa. Mwaka 2023 Wapemba walitambuliwa rasmi, na siku alipopewa kitambulisho alikilaza chini ya mto, kila nikiinua kichwa yeye anakipapasa. Kwa hivyo subiri, mambo hubadilika.

Karani wa Zamani:
Dada, Wapemba walitambuliwa kama jamii nzima, na mtoto huyu yuko peke yake, hawezi kusubiri. Ndugu Mjomba, kuna jambo unachanganya. Cheti cha kuzaliwa hupewa kila anayezaliwa Kenya, hata mtoto wa mtalii, kwa hivyo hicho peke yake hakithibitishi uraia. Uraia wa kuzaliwa hutokana na mzazi. Nina swali moja tu: mtoto alizaliwa tarehe gani, mwezi gani na mwaka gani?

Mjomba wa Langoni:
Ahsante, Karani. Tarehe sidhani kuwa ndiyo shida, kwa sababu mama alikwisha kuukana uraia kabla. Ninachotaka kujua ni kama fomu ya usajili wa kuchelewa hukaguliwa sana, maana kijana yuko kidato cha tatu na shule inadai cheti kwa ajili ya mtihani wa mwakani.

Msomaji wa Mkomani:
Kidato cha tatu akiwa na miaka 14? Alianza darasa la kwanza akiwa tumboni? Jamani, hadithi hii imetungwa. Dada aliyeolewa Oman, mume wa pili aliyefariki bila karatasi, mama asiyepatikana: kila anayeweza kuulizwa ama amekufa au yuko ng'ambo. Mimi naona huyu anatafuta njia ya kumpitisha mtu mzima aliyevuka mpaka.

Nahodha Mstaafu:
Hata mimi nilishangaa. Mjomba, mtaa wetu ni mdogo. Taja jina la mkunga tumalize.

Mjomba wa Langoni:
Sitataja jina la mtu hapa. Kijana alizaliwa Februari 2009. Katika fomu niliandika 2011, na nilikuwa na sababu: nilisikia kwamba Katiba mpya ya 2010 imeruhusu uraia pacha, nikaona aliyezaliwa baada yake atakuwa na nafasi nzuri zaidi. Fomu ina jina langu na la mke wangu, na chifu ameshapiga muhuri. Sijamdhuru mtu. Nimemlea tangu akiwa na miaka mitatu, nani ana haki zaidi ya kuitwa baba yake?

Msomaji wa Mkomani:
Sasa mwaka umebadilika. Kesho tutaambiwa ni pacha.

Karani wa Zamani:
Awe ametunga au hajatunga, sheria ni ile ile, na wako wengine wanaosoma hapa wenye shida kama hii. Kifungu cha 14(1) cha Katiba kinasema kuwa mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia. Kwa kipimo hicho peke yake kijana anaanguka. Lakini kifungu cha 14(2) kinawaingiza waliozaliwa kabla ya Katiba kuanza kutumika, yaani kabla ya tarehe 27 Agosti 2010, ikiwa mama au baba *ni au aliwahi kuwa* raia. Dada yako aliwahi kuwa raia. Kwa hiyo mtoto wa Februari 2009 ana hoja ya uraia wa kuzaliwa kupitia kwa mama yake, bila baba, bila wewe, na bila kuasiliwa, yaani kufanywa mwana wa mtu mwingine kwa amri ya mahakama. Ukimfanya wa 2011, unamtoa kwenye kifungu hicho na kumrudisha kwenye kile cha kwanza, ambako mama angepaswa kuwa ameurejesha uraia wake kabla ya kujifungua.

Bi Mkubwa wa Shela:
Subhanallah. Kwa hivyo uongo ndio uliokuwa ukimfungia mlango.

Mjomba wa Langoni:
Lakini nikimwasili mahakamani? Kifungu cha 15 kinasema mtoto aliyeasiliwa na raia ana haki ya kusajiliwa. Hiyo si njia fupi?

Karani wa Zamani:
Njia hiyo ipo, nayo humpa uraia wa kusajiliwa, ambao unaweza kufutwa ikigundulika ulipatikana kwa udanganyifu, na faili lako limeshaanza na udanganyifu. Kutoa habari za uongo katika usajili wa kizazi ni kosa la jinai, na muhuri wa chifu haukukingi. Iondoe fomu ile kabla haijaenda mbali, kisha uandikishe upya kwa mwaka wa kweli na jina la mama wa kweli. Tafuta cheti cha dada yako cha kuzaliwa au nakala ya kitambulisho chake cha zamani, barua ya kuukana uraia, ambayo ndiyo inayothibitisha kwamba aliwahi kuwa nao, na kadi ya kliniki ya mtoto. Baada ya hapo mwone wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kwenda ofisi ya uhamiaji.

Mjomba wa Langoni:
Barua na kadi anazo dada, nasi hatusemezani tangu tulipogombania nyumba ya marehemu mama. Akisikia nataka karatasi zake atadhani ni hila ya urithi.

Nahodha Mstaafu:
Si atadhani kweli? Mwache kijana mwenyewe ampigie mama yake.

Msomaji wa Mkomani:
Na akipokea simu, tujulisheni. Bado siamini.