Kuangalia akili: mawazo yanazidi badala ya kupungua, kosa liko wapi?

Muulizaji
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaoijua meditesheni, hasa ile ya kuangalia akili. Nakaa dakika 20 kila alfajiri, macho nimefumba, nafuata pumzi puani. Nikizuia mawazo, yanaongezeka. Nikiikazania pumzi, kifua kinabana na vidole vinakufa ganzi. Nikilegeza, nasinzia. Nirekebishe nini?

Mkekani
Mkuu, anza na hilo neno "kuzuia". Sisi tumezoea kuiita kazi hii kutafakari, na kutafakari kwa Kiswahili ni kufikiri jambo kwa kina. Ndiyo maana wengi wakikaa huanza kuyachambua mawazo, au kupigana nayo. Hapa hufanyi lolote kati ya hayo. Wazo limekuja, umelitambua, basi. Na wala hayajaongezeka: yalikuwepo mchana kutwa, sasa ndiyo unayaona.

Jaribu njia ya Mahasi Sayadaw, mtawa wa Burma (1904–1982), kwa sababu inampa anayeanza kitu cha kushika. Hamisha usikivu kutoka puani uuweke tumboni. Tumbo likijaa, sema kimoyomoyo "kupanda", likinywea, "kushuka". Pumzi ijiendeshe yenyewe. Wazo likikuchukua, ukishagundua tu sema "kuwaza, kuwaza", kisha rudi tumboni. Usiseme "nawaza kodi ya nyumba", maana ukitaja kodi umeshaingia kwenye hesabu zake. Bodaboda ikipita ni "kusikia". Goti likiuma ni "maumivu". Hasira ni "hasira". Neno liwe jepesi kama mnong'ono. Likiwa zito utabaki unalisikiliza lenyewe na jambo litakupita.

Usijipime kwa mara ulizopotea. Akili ikipotea mara 40 nawe ukairudisha mara 40, umefanya mazoezi 40.

Upepo wa Kusi
Mkekani amemaliza upande wa mawazo, mimi nizungumzie kifua. Kubanwa pamoja na ganzi ya vidole mara nyingi ni dalili kwamba unavuta hewa kuliko mwili unavyohitaji. Kaboni dayoksaidi kwenye damu inashuka, vidole vinachonyota, kichwa kinakuwa chepesi. Ukizidi kuvuta "ili utulie" unaongeza tatizo. Iache pumzi kabisa kwa dakika 5: peleka usikivu makalio yanapogusa kiti, halafu nyayo, halafu viganja, ukisema "kukaa, kugusa". Ikishatulia, irudie. Lakini kifua kikibana hata nje ya zoezi, nenda hospitali, usikifanyie meditesheni.

Angalia na mkao. Ukikaa chini, weka mto wa sentimita 10 hadi 15 ili magoti yawe chini ya nyonga. Mgongo hupata unafuu na tumbo linakuwa huru. Ukishindwa, kiti kinafaa vilevile, nyayo zikiwa bapa sakafuni. Ganzi ya mguu inayoisha dakika chache baada ya kusimama si ya kutisha. Goti linaloendelea kuuma baada ya kuinuka linakuambia ubadili mkao.

Muulizaji
Asanteni sana. Na usingizi je? Pia kuna aliyenishauri niende moja kwa moja kozi ya siku 10.

Kimya Kingi
Usingizi kwanza upimwe kitandani. Kama unalala masaa matano, hakuna mbinu itakayokusaidia, ni deni la mwili hilo. Kama unalala vizuri, fumbua macho, au simama. Katika maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya vitabu vya Kibuddha, Buddha alimpa mwanafunzi wake Moggallana, aliyekuwa akisinzia, orodha nzima: vuta masikio, sugua viungo, nawa macho kwa maji, tazama nyota, tembea huku na huko, yote yakishindikana, lala. Kutembea ndiko kunakosahaulika. Hatua 15 kwenda, 15 kurudi, polepole: "kuinua, kusogeza, kuweka". Dakika 10 za hivyo kabla ya kukaa zinatosha kumwamsha mtu.

Kozi za siku 10 za S. N. Goenka, mwalimu wa meditesheni (1924–2013), ni nzuri, hazina ada, zinaendeshwa kwa michango. Ila ujue unachokiendea: kuamka saa kumi alfajiri, takriban masaa 10 ya kukaa kwa siku, bila kuongea na wenzako mpaka siku ya kumi. Siku tatu za mwanzo ni pumzi puani tu, kisha ndipo unapitisha usikivu mwilini toka utosini hadi vidole vya miguu. Kaa nyumbani kila siku miezi miwili au mitatu kwanza. Na aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo, au aliye kwenye huzuni nzito au kiwewe, asianzie huko. Amwone daktari kwanza.

Jambo moja halijaguswa. Kila kinachofika akilini huja na ladha: tamu, chungu, au isiyo tamu wala chungu. Kipali huiita vedana. Mtu akikujibu vibaya, kabla ya maneno ya hasira kuna ladha chungu, mara nyingi koo linalokaza au joto kifuani. Ukizoea "kupanda, kushuka", anza kuitambua ladha hiyo: "chungu, chungu", usiisukume, usiitafutie sababu. Mara nyingi hupanda, hukaa kidogo, hufifia, na lile jibu kali ulilokuwa unaliandaa linakosa pa kushika. Anza na mambo madogo, mfano mbu anayelia sikioni, kabla hujalijaribu kwa bosi wako.