Mrejesho: yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) aliyeachishwa kazi kiwandani Marekani

Aksanti sana kwenu. Niliwauliza, nikiwa Katuba hapa Lubumbashi, kama serikali ya Marekani inamsaidia mtu aliyepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje. Yaya, mkubwa wangu, alipunguzwa kwenye kiwanda cha vipuri miezi mitatu iliyopita.

Mpango mliotaja, Trade Adjustment Assistance, ulikuwepo kweli tangu 1962: mafunzo, posho wakati wa kusoma, hata gharama za kuhamia penye kazi. Wafanyakazi watatu tu walitosha kupeleka ombi. Lakini tangu tarehe 1 Julai 2022 maombi mapya hayapokelewi, maana Bunge halikuurefusha. Iliniuma. Yaya alikuwa amekusanya barua zote za kiwanda.

Basi akaenda American Job Center, ofisi inayowasaidia watafuta kazi bure. Kuna fungu la waliopunguzwa kazini, iwe ni kwa bidhaa za nje au la. Wamemlipia kozi ya kuchomelea vyuma, na bima ya kukosa kazi ya jimbo inalipa nyumba kwa sasa. Ameanza Jumatatu. Nilipomwambia mama, alikaa chini akalia.