Mjadala: Fremu ya kaboni ya bei nafuu sawa, lakini usukani wa kipande kimoja ni wa nini?

Mleta mada, Arusha

Wakuu, habari za jioni. Klabu yetu ni ndogo: vijana saba, mdogo ana miaka 15, mkubwa 21. Tumechanga kwa zaidi ya mwaka, wazazi wakatia chao, na sasa tuna fedha ya kununua fremu nne za baiskeli za mashindano. Hapo ndipo kamati ilipogawanyika. Upande mmoja unataka fremu za kaboni kutoka viwanda vya Xiamen, China, pamoja na usukani wa kipande kimoja, ule ambao shingo (kipande kinachoushikiza usukani kwenye baiskeli) na mikono vimetoka kwenye kalibu moja na mipira ya mafuta ya breki imefichwa ndani. Upande wa pili unataka mitumba ya alumini kutoka Ulaya, na fedha itakayobaki iende kwenye matairi na nauli za mashindano.

Mimi nimekaa katikati na ninapigwa kutoka pande zote mbili. Msimamo wangu: fremu ya kaboni ya bei nafuu, ndiyo. Usukani wa kipande kimoja, hapana.

Kuhusu fremu, dharau ya "cha Mchina" imepitwa na wakati. Xiamen ndiko zinakotoka fremu nyingi ambazo baadaye huvishwa majina ya Kizungu. Na mwaka 2025 timu ya Astana, ya daraja la juu kabisa duniani, iliingia msimu ikipanda X-Lab, baiskeli za kampuni ya Kichina ya XDS. Kwa dola 600 hadi 900 unapata fremu, foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) na nguzo ya kiti, kabla ya usafiri na ushuru. Bei hiyo kwa duka la Ulaya haikufikishi mbali.

Usukani ndio unaonikera. Kijana wa miaka 16 anarefuka kila muhula. Ukiwa na shingo yake na mikono yake mbali mbali, unafungua boliti chache, unatia shingo ndefu zaidi kwa sentimita moja, kazi imekwisha. Huu wa kipande kimoja ukikosea kipimo, umenunua pambo la ukutani. Huwezi hata kuuinamisha mbele au nyuma kidogo. Mnasemaje?

Mkongwe wa Ngong, Nairobi

Mleta mada, umeanza vizuri ukaharibu hapo kwenye fremu. Tupige hesabu. Fremu nzuri ya alumini na ya kaboni zinapishana labda gramu 600. Kijana na baiskeli yake wana kilo 75. Hiyo ni asilimia 0.8. Mpandishe mlima saa nzima bila kupumzika, utampunguzia chini ya nusu dakika. Na hao vijana wako wana mlima gani wa saa nzima wanaoshindana kila wiki?

Nimepanda tangu enzi za gia za kwenye bomba la chini. Nimeona vijana wakishinda kwa baiskeli zilizochomelewa mara mbili, na nimeona wenye kaboni wakiachwa kwenye mlima wa Mai Mahiu wakitafuta pumzi. Nunua mtumba, weka matairi mazuri ya milimita 28, wape chakula cha maana. Wenzetu wanasahau kwamba tairi bovu linakula nguvu nyingi kuliko fremu yoyote.

Kijana wa Eldoret

Shikamoo mzee. Heshima zako, lakini hiyo hesabu ya nusu dakika inasemwa na mtu ambaye hajapoteza shindano kwa sekunde nne. Kila siku sisi ndio wa kuambiwa tutosheke. Mzungu wa miaka 17 anakuja na baiskeli ya kilo saba, sisi tunapewa mtumba wa kilo kumi tunaambiwa "miguu ndiyo inayoshinda". Miguu ninayo. Nataka na baiskeli.

Na usukani wa kipande kimoja si urembo. Upepo unapita vizuri zaidi pale mbele bila nyaya zinazoning'inia.

Fundi wa Kisauni, Mombasa

Mimi sipandi mashindano, mimi natengeneza. Naomba niseme kilichomo ndani ya hizo nyaya zilizofichwa, kwa sababu huko ndani naingia mimi.

Kwenye baiskeli ya kawaida, beringi ya juu ya foki ikiharibika ni kazi ya dakika ishirini na tano. Unafungua shingo, unashusha foki, unatoa beringi iliyochakaa, unatia mpya, unapaka grisi, unafunga. Kwenye hizi za kisasa, mipira ya breki inatoka kwenye usukani, inapita katikati ya ile beringi, halafu inashuka ndani ya fremu. Maana yake beringi haitoki mpaka uchomoe mpira. Ukiuchomoa, kile kipete cha shaba na kipini chake havitumiki tena, unakata ncha na kuweka vipya. Ukishafunga lazima utoe hewa kwenye breki. Breki za Shimano zinataka mafuta yake ya madini, breki za barabarani za SRAM zinataka DOT, yaani mafuta ya breki kama ya magari, na ukichanganya umeua sili zote za ndani. Na mpira ukishakatwa mara mbili tatu unakuwa mfupi, usukani haugeuki vizuri, unanunua mpira mzima. Kazi ya dakika ishirini na tano imekuwa ya nusu siku.

Na sasa muulize mtu wa Pwani beringi ya juu inadumu muda gani. Jasho la mpandaji linadondoka pale pale. Hewa ya chumvi. Mvua ya masika. Nimetoa beringi za miezi mitano zimekuwa kutu tupu, hazizunguki hata kwa nyundo.

Kuna jingine. Kama klabu itatumia gia za waya za mtumba, Shimano 105 za zamani kwa mfano, waya unakunjwa kona kali mara mbili kabla haujafika kwenye fremu. Gia inakuwa nzito, mtoto anabonyeza kwa nguvu zote. Usukani wa namna hii ulitengenezewa gia za umeme. Bila umeme ni mateso.

Kwa hiyo mleta mada niko nawe, ila kwa sababu zangu.

Mtanzania, Guangzhou

Wakuu, mimi niko huku kwenye biashara, fremu nimezituma nyumbani kadhaa. Naomba tutenganishe mambo matatu ambayo watu wanayachanganya kwenye kapu moja.

Kuna kampuni za Kichina zenye jina lao, zinabuni wenyewe na zinasimama nyuma ya bidhaa: Winspace, Yoeleo na wenzao. Kuna viwanda vinavyouza fremu za kalibu ya wazi, yaani umbo lile lile anaweza kuliuza yeyote, lina rangi nyeusi tu bila jina. Hizi nyingine ni nzuri sana. Halafu kuna feki, fremu iliyoandikwa Pinarello, jina kubwa la Italia, kwa dola 400. Hiyo msiiguse. Mtu anayedanganya jina atadanganya na tabaka za nyuzi.

Na msitishwe na maandishi ya T800, T1000, yaani madaraja ya nyuzi za kaboni. Toray ya Japani kweli inatengeneza nyuzi hizo, lakini fremu moja huchanganya aina kadhaa, na uimara unatokana na jinsi tabaka zilivyopangwa na gundi ilivyobanwa. T700 iliyolazwa vizuri inaishinda T1000 iliyolazwa na mtu mwenye haraka.

Muuzaji muulize haya: ripoti ya majaribio ya ISO 4210, kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ya fremu hiyo hiyo pamoja na foki yake, si ya "modeli inayofanana". Je, iko kwenye orodha ya fremu zilizoidhinishwa na UCI, shirikisho la baiskeli duniani? Kikombe cha mhimili wa pedali kiwe cha kukaza kwa kuzungusha kama skrubu, aina ya BSA, msikubali cha kugongomea. Sikio la gia ya nyuma, kile kipande kinachoishikiza gia kwenye fremu, liwe UDH, aina ya kiwango kimoja kwa baiskeli nyingi, kwa sababu lile linapatikana popote. La kiwanda likivunjika Arusha utangoja meli. Akianza kuzungukazunguka kwenye majibu, muageni.

Dada wa Kigali

Tulipopokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, nilisimama kwenye mlima wa mawe wa Kwa Mutwe nikiangalia baiskeli zaidi kuliko watu, nakiri. Karibu zote zilikuwa na usukani wa kipande kimoja. Lakini nyuma ya kila timu kulikuwa na gari lenye baiskeli za akiba juu, na mafundi wa kulipwa. Usukani ukigoma, anapewa baiskeli nyingine. Kijana wa Arusha usukani ukigoma anarudi nyumbani kwa daladala.

Halafu kuna kanuni. Tangu Januari 2026 UCI inataka usukani kwenye mashindano ya barabara ya kuanza pamoja usipungue milimita 400, nje kwa nje. Viwanda vingi vinapima katikati ya bomba hadi katikati ya bomba. Ule unaouzwa kama sentimita 36 mara nyingi haufiki, ingawa kuna wauzaji wanaupunguza bei sasa hivi, na mnaweza kudhani mmeokota dhahabu. Chukua wa 38 na kuendelea, na uupime mwenyewe kwa futi.

Kijana wa Eldoret

Hilo la milimita 400 sikulijua. Nina wa 36 kabatini, bado una plastiki yake. Basi.

Mkongwe wa Ngong, Nairobi

Pole mwanangu. Uuze kwa mtu wa triathlon, wale wa kuogelea, baiskeli na mbio.

Na hata wakubwa wamevunjikiwa. Machi 2021 Mholanzi Mathieu van der Poel alikuwa kwenye mashindano ya Le Samyn, Ubelgiji, mkono mmoja wa usukani wake ukakatika mbio zikiendelea. Canyon, waliotengeneza baiskeli yake, wakawaambia wenye Aeroad ya aina ile waache kuipanda mpaka watakapopewa ufumbuzi. Hiyo ni baiskeli ya pesa ya kununulia pikipiki mbili. Sasa wewe unanunua wa dola 90 usio na jina?

Mtanzania, Guangzhou

Mzee, mfano wako unakata pande zote. Kama wa bei kubwa umekatika, basi bei peke yake haikulindi. Na mwaka 2006 Mmarekani George Hincapie alianguka kwenye mashindano ya Paris–Roubaix baada ya bomba la foki, lile ambalo shingo hulibana, kukatika, na bomba lile lilikuwa la alumini.

Fundi wa Kisauni, Mombasa

Kweli. Usukani wa alumini nao unaliwa na jasho chini ya tepu, hakuna anayefungua kuangalia. Nimewahi kuvua tepu ya mteja nikakuta unga mweupe na ufa unaoingia kucha. Tofauti ni hii: alumini ikianguka mara nyingi inapinda, unaona. Kaboni ikianguka inakaa kimya. Unaitazama, nzuri, inang'aa, na ndani tabaka zimeachana. Wengine hugonga kwa sarafu wakisikiliza mlio. Inasaidia kidogo, lakini sitaweka meno ya mtoto wa mtu rehani kwa mlio wa sarafu.

Vijana wa miaka 15 wanaanguka. Ndiyo kazi yao. Kila akianguka utautupa usukani? Wa alumini wa bei ndogo utautupa bila kuumia. Wa kipande kimoja utasema "acha, uko sawa".

Mkinunua fremu za kaboni, nunueni na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Boliti nyingi za usukani zinaishia niutoni mita 5, na mkono wa fundi aliyezoea pikipiki haujui tano. Na ile plagi inayojazwa ndani ya bomba la foki ikae usawa wa pale shingo inapobana, isiwe chini yake, la sivyo mnabana bomba tupu. Fremu zikifika, kabla ya kufunga chochote, ingizeni kamera ndogo ya kuchungulia, muangalie karibu na kichwa cha fremu na kwenye kikombe cha pedali. Mikunjo midogo ipo karibu kila fremu. Mkiona tundu, au gundi imekusanyika kama nta, rudisheni siku hiyo hiyo na picha.

Mleta mada, Arusha

Nimesoma yote, nimeyabeba kwenye kikao cha jana. Mzee wa Ngong, hesabu yako ya nusu dakika imenikata makali, sikatai. Tumepunguza: fremu mbili za kaboni kwa wakubwa wawili wanaoshindana nje, zenye BSA na UDH, na mbili za mtumba za alumini kwa wadogo ambao bado wanakua. Fedha iliyookolewa inaenda kwenye matairi ya milimita 28 kwa wote saba.

Usukani umepita kwa kura tano kwa mbili: shingo na mikono mbali mbali, alumini, mipira ya breki ipite chini ya shingo kwa nje kisha iingie kwenye fremu. Bado itapita katikati ya beringi, Fundi, najua, usinigombeze. Lakini angalau shingo itabadilika bila kukata kitu. Wawili waliopinga ni wale wale watakaozipanda. Mmoja hajanisalimia tangu jana.

Mtanzania wa Guangzhou, nitakutumia jina la muuzaji faragha uniambie kama ni yule wa kuzungukazunguka. Na Fundi, hiyo kamera ya kuchungulia unaiuza au unaazimisha? Nauli ya basi ya kuileta na kuirudisha ni juu yetu.