Mtoto miaka 3 kavunjika paja, kafungwa hogo (plasta ngumu, POP) mpaka kifuani, naombeni wenye uzoefu

mama_Naju
Wapendwa habari za saa hizi, najua wengi mmelala ila mimi leo usiku wa tano sijalala. Mwanangu wa miaka 3 alipakiwa nyuma ya baiskeli na binamu yake wakaingia mtaroni, mfupa wa paja ukavunjika. Hospitali wamemfunga POP, sio ile ya mguu tu tuliyozoea kuona, hii inaanzia karibu na chuchu inashuka mguu mbovu mpaka vidoleni na mguu mzima mpaka gotini, katikati wameweka kifimbo kama daraja. Wiki 6. Tukapewa panado ya maji na tarehe ya kurudi, basi.

Mkojo unapenya ndani naanza kusikia harufu. Usiku kalala vizuri ghafla anaruka kama kapigwa shoti analia. Ila kilichonileta hasa ni hii, picha ya X-ray nimeiona kwa macho yangu mfupa HAUJAKUTANA, kipande kimoja kimepanda juu ya kingine. Mama mkwe kaiona anasema mtoto kafungwa kombo, kijijini kwao kuna mzee anaunga mifupa kwa kuchua na vijiti, Jumamosi tukate hilo hogo tumpeleke. Baba mtoto yuko safari, ananiambia msikilize mama. Nifanyeje jamani

chalii_wa_ungalimited
Pole sana mama. Supu ya kongoro asubuhi na jioni, wiki 3 tu anacheza mpira

Bi_Shuu
Pole mwanangu. Wa kwangu alivunjika akiwa na miaka 2, hogo hilohilo, nikuambie tu mfupa unajiunga wenyewe, vita yako wewe ni mkojo. Fanya hivi: chukua pampasi ndogo kuliko saizi yake, kata vile vigundishio, ichomeke ndani ya lile tundu mbele na nyuma iingie chini ya kingo za POP, alafu juu yake mvalishe pampasi kubwa kabisa inayozunguka hogo lote. Kagua kila masaa mawili mchana, usiku amka hata mara moja. Kitanda weka matofali upande wa kichwani ili mkojo uteremke usirudi mgongoni, hii niliambiwa na nesi mmoja mtu mzima baada ya mimi kuhangaika wiki nzima. Kingo za hogo zizungushie plasta pana ya famasi. Mwili mfute na kitambaa chenye unyevu, poda usimwage humo ndani inaganda inachubua.

Na umgeuze, chali, ubavu, kifudifudi, usimwache upande mmoja. Ukimnyanyua pitisha mikono chini ya makalio na mgongo, kile kifimbo SIO mshikio kitakatika. Wakati wa kula mfunge kanga shingoni. Sisi siku ya kukata hogo tulikuta mle ndani mia mbili ya sarafu, kifuniko cha soda na kipande cha chapati kimekauka kama gome la mti 😂

tabibu_mtaani
Mimi ni tabibu, sio bingwa wa mifupa, ila hili la picha nalijibu kwa kujiamini. Mama usikate hiyo POP. Kwa mtoto chini ya miaka 5 mfupa wa paja kupandiana kidogo, hata sentimita moja na nusu, madaktari wanakubali, sio uzembe. Mfupa wa paja la mtoto ukivunjika damu inakuja nyingi pale na unarefuka haraka kuliko wa upande wa pili, ndani ya mwaka mmoja miwili unafidia. Ukiungwa umenyooka kabisa kichwa kwa kichwa mguu ule unaweza hata kuja kuzidi mwenzake. Watu wazima ndio hatuna hiyo bahati. Cha muhimu ni kurudi tarehe uliyopewa wapige picha nyingine waone kama haijazidi kusogea.

Kuruka usiku ni misuli ya paja inakaza yenyewe, wiki ya kwanza hiyo, inapungua. Panado mpe kwa uzito sio kwa kukadiria kijiko, miligramu 15 kwa kilo, kila masaa 6, mtoto wa kilo 14 ni kama miligramu 210, angalia chupa imeandikwa miligramu ngapi kwa mililita 5 ndio upige hesabu. Aspirini hapana. Kongoro haina madhara ila haina maajabu, mpe maziwa, mayai, dagaa, na papai na maji ya kutosha kwasababu mtoto aliyelala chali hapati choo vizuri, na tumbo likijaa hogo linambana.

Vidole vya mguu angalia asubuhi na jioni. Vikiwa vya baridi, vimevimba, vimebadilika rangi, hachezeshi, au analia hata baada ya dawa na kilio kinazidi, nenda usiku huohuo usisubiri kliniki. Homa au harufu ya kuoza (mkojo unaijua, hii ni nyingine) nenda pia.

kaka_mkubwa_tz
Sipendi kusema ila nitasema. Mdogo wangu alipelekwa kwa mzee wa vijiti, akafungwa kwa kukazwa sana, siku ya tatu vidole vyeusi. Mguu ulikatwa chini ya goti. Alikuwa na miaka 7.

mama_Naju
Nimesoma nimelia. Nimempigia baba yake nikamsomea yote ya tabibu neno kwa neno, kasema ataongea na mama yake mwenyewe. Mkwe kanuna ila matofali kaenda kuyaleta yeye. Sasa anajikuna jamani, anaomba nimwingizie peni

tabibu_mtaani
Peni, kijiti cha mshikaki, rula, vyote hapana, unamchubua pasipoonekana. Gongagonga hogo kwa nje, au feni ndogo ipulize kwenye uwazi. Drayer ya saluni iwe upepo wa baridi tu.

Baba_Kidevu
Mimi fundi seremala. Wa kwangu nilimkatia plaiwudi nikaweka godoro juu na magurudumu ya kiti cha ofisi kilichokufa, akilala kifudifudi anajisukuma na mikono sebule nzima, kelele ziliisha siku hiyohiyo. Na siku ya kukata mwandae, ile mashine inalia kama randa yangu ya umeme ila inatetema tu haikati ngozi. Mguu utatoka mwembamba, ngozi imekauka inabanduka, usishtuke. Wa kwangu alirudi kutambaa kama wiki mbili hivi, alafu akachechemea weeee, mama yake anataka tumpeleke mazoezi, nikasema subiri, siku moja nikamkuta juu ya kochi anaruka. Plaiwudi ninayo bado, kama uko Dar niambie.