Lesotho iliingiaje tumboni mwa Afrika Kusini? Mwanangu kanibana

Mama Mapacha (Mbagala)

Wadau, habari za jioni. Naomba kujuzwa, maana mimi jiografia niliiacha kidato cha pili na wala sikuaga.

Kijana wangu yuko darasa la sita. Jana usiku anasoma atlasi pembeni yangu, mimi nakanda unga wa chapati za asubuhi, mara namwona analowesha kidole kwa mate anasugua ukurasa. Nikamkemea, kitabu cha shule hicho! Akaniambia mama, kuna tone la mafuta limedondokea Afrika Kusini. Nikajua ni mimi na mafuta yangu. Kuinama nitazame, kumbe si mafuta, ni nchi. Ina mpaka wake, rangi yake, na jina LESOTHO limeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Basi nikawa nimejiponza. Iliingiaje humo ndani? Mbona haikumezwa? Wakitaka kusafiri wanapita wapi? Na mfalme wao anatawala kweli au amekaa tu? Nikamwambia Mungu ndivyo alivyopanga, nenda kalale. Akanitazama kwa lile jicho la baba yake. Nisaidieni, ila iwe kwa lugha ya kumwelewesha mtoto.

Mzee wa Fununu

Si ndiyo ile nchi ya mfalme mwenye wake wengi, na ile ngoma ya mabinti wanaobeba matete? Juzijuzi walibadilisha na jina. Mwambie dogo mfalme ndiye kila kitu, mjadala umefungwa.

Dereva Tandika

Mkuu Fununu, umekata kona ya nchi nyingine. Unayoisema ni Eswatini, zamani Swaziland, jina limebadilishwa 2018. Ile ina majirani wawili, Afrika Kusini na Msumbiji. Na ni kweli mfalme wa kule ana rungu: baba yake, Sobhuza II, alipiga marufuku vyama vya siasa mwaka 1973, na Mswati III ndiye anayeteua waziri mkuu. Lesotho ni mbali na hayo. Kwanza jirani ni mmoja tu, pande zote.

Mama Mapacha, mimi nimesukuma semi miaka sita kwa tajiri mmoja wa Durban, 2010 mpaka 2016. Tulikuwa tunapakia majora ya vitambaa bandarini tunapeleka Maseru, mji mkuu wa Lesotho, kwenye viwanda vya nguo vya Thetsane. Jinzi nyingi za kule zinakwenda Marekani. Kwa hiyo hiyo nchi nimeipanda kwa gia ndogo na nimelala humo kwenye kabini na masweta mawili. Nchi nzima hakuna mahali palipo chini ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, duniani hakuna nchi nyingine ya namna hiyo. Mtu wa Tandika aliyezoea jasho, mwezi wa saba kule unajuta kuzaliwa. Milimani theluji, na wanaume wamepanda farasi wamejifunga blanketi begani kwa pini kubwa. Mwanzoni nilidhani wote wagonjwa.

Sasa swali la dogo. Ni zuri ila limekaa kichwa chini miguu juu. Lesotho haikuingia ndani ya mtu. Ilikuwepo pale kabla hiyo Afrika Kusini haijazaliwa.

Mwambie hivi. Si anaijua Mbagala? Bibi kajenga wa kwanza, kote vichaka. Wakaja watu wanne wakanunua maeneo, watatu kati yao wakapakana naye. Mmoja wao mkorofi, kila mwaka anasogeza bikoni usiku. Bibi kapigana, kashtaki, kakimbilia kwa mkubwa mmoja akamwambia nichukue niwe mtu wako ili huyu aniogope. Eneo zuri la bondeni likawa limekwisha kuliwa, bibi kabaki na la mwinuko. Halafu siku moja wale wanne wakaungana wakawa tajiri mmoja, wakapiga uzio mmoja. Bibi akajikuta yuko ndani ya uzio wa mtu, wala hajahama hata hatua moja.

Bibi ni Moshoeshoe, wenyewe hutamka Mushweshwe. Jina la utotoni ni Lepoqo. Alipokuwa kijana alikwenda kuiba ng'ombe wa chifu jirani akawafagia wote, akajisifu kwamba amemnyoa ndevu. Hiyo shwe-shwe ni sauti ya wembe. Mwaka 1824, zama za vita vya kufukuzana kusini yote, aliwapeleka watu wake kwenye mlima unaitwa Thaba Bosiu, yaani Mlima wa Usiku, kwa kuwa walifika giza limeingia. Nimeuona, ni mwendo mfupi tu kutoka Maseru. Si mrefu, msije mkafikiria Kilimanjaro. Ila juu ni bapa kama meza, kuna chemchemi na malisho, pembeni ni kuta za mawe, na njia za kupandia za kuhesabu. Ukiwa na mawe ya kuporomosha, anayetoka chini amekwisha. Mwaka 1831 jeshi la Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, lilijaribu, likapondwa. Linaondoka, Moshoeshoe akalitumia ng'ombe wa njiani, eti lazima ni njaa iliyowaleta. Halikurudi tena.

Jirani mkorofi ni Makaburu wa Free State. Walipigana naye 1858, wakapigana tena kuanzia 1865. Mlima hawakuuteka hata mara moja, lakini mashamba ya bondeni, magharibi ya mto Mohokare, yakaenda. Hilo huhitaji kitabu. Simama kwenye daraja la mpakani pale Maseru: nyuma yako, upande wa Ladybrand, ngano na mahindi mpaka macho yachoke. Mbele yako tambarare ni kipande tu, kisha milima hiyooo.

Mkubwa aliyekimbiliwa ni Mwingereza. Machi 1868 nchi ikawekwa chini ya Malkia, ikaitwa Basutoland. Inasimuliwa kwamba mzee alijifananisha na kiroboto kwenye blanketi la Malkia. Alifariki Machi 1870, na Machi 11 mpaka leo ni sikukuu yake. Sasa Mwingereza naye! Mwaka 1871 akawakabidhi kwa serikali ya Cape, koloni lake la jirani, bila kuwauliza. Cape ikataka kuwanyang'anya bunduki, Wasotho wakasema bunduki hazitoki. Wakapigana 1880 na 1881, Cape ikachoka, na 1884 wakarudishwa chini ya London moja kwa moja. Mimi hapo ndipo nawavulia kofia. Wangesalimisha zile bunduki wakabaki chini ya Cape, 1910 wangeingia kwenye uzio kama shamba.

Maana uzio wenyewe ni huo wa 1910: Cape, Natal, Transvaal na Free State ziliungana zikawa nchi moja. Sheria yao ya 1909 iliacha mlango kwamba Basutoland, Bechuanaland (Botswana ya leo) na Swaziland zingeweza kuongezwa baadaye. Wenyewe hawakutaka, na baada ya 1948, ubaguzi wa rangi ulipofanywa sera ya serikali, nani angekubali tena? Oktoba 4, 1966 wakapata uhuru, ndiyo Lesotho.

Mnyalukolo wa Kimara

Kaka umenikumbusha kwetu. Mkwawa naye alikuwa na ngome ya mawe Kalenga, Wajerumani wakaivunja kwa mizinga 1894. Kwa nini huyu wa kwenu alipona?

Dereva Tandika

Mnyalukolo, kamwene. Mimi si mwanahistoria, ila nilivyoona mlima wenyewe, huwezi kuubomoa kwa mzinga kama ukuta. Na la pili, Moshoeshoe alikuwa na wazungu wa aina mbili wa kugonganisha. Mkwawa alikuwa na Mjerumani peke yake, angemshtakia nani? Tena Moshoeshoe alikaribisha wamisionari wa Kifaransa tangu 1833. Mmoja wao, Casalis, alikuwa anamwandikia barua kwa wakubwa.

Mama Mapacha (Mbagala)

Jamani Dereva ubarikiwe. Hiyo ya bibi na uzio kaielewa palepale, maana nyumba ya shangazi yake Kijichi iko hivyohivyo, jeneza la babu yao lilipitishwa juu ya ukuta wa jirani. Sasa amebaki na mfalme, eti ni kama yule wa Uingereza? Na anauliza wanaongea nini, wanakula nini.

Dereva Tandika

Lugha ataipenda. Sisi tunasema Mgogo, Wagogo, Ugogo, Kigogo. Wao Mosotho, Basotho, Lesotho, Sesotho. Motho ni mtu, batho ni watu, nama ni nyama, meno ni meno. Baba ni ntate, na unamwita hivyo mwanaume yeyote unayemheshimu.

Chakula nacheka mwenyewe. Siku yangu ya kwanza Thetsane, saa ya viwanda kutoka, wanawake wanamiminika getini kama Kariakoo ya sikukuu, na nje kuna mama wenye masufuria. Nina njaa ya tangu Durban. Mama mmoja ananiambia ana papa. Papa! Mimi mtoto wa pwani, mate yakanijaa, nikaona huyu kapata wapi samaki milimani, pengine ni ng'onda. Nikalipa. Akafunua sufuria: ugali mweupe na mboga ya majani. Papa ni ugali. Nikaula, mzuri tu, ila moyo ulikuwa Feri.

Chenji alinirudishia noti ya maloti ishirini. Pesa yao ni loti, wingi maloti, na loti moja ni randi moja. Randi Maseru inapita bila swali, lakini loti ukirudi nayo Durban wanakutazama kama umeleta tiketi ya daladala. Ile noti ninayo mpaka leo kwenye kopo la misumari. Ina sura za wafalme watatu: Moshoeshoe I, Moshoeshoe II na Letsie III, aliyepo sasa.

Huyu Letsie III kakalia kiti mara mbili. Wanajeshi walishika nchi Januari 1986, na 1990 wakamwondoa baba yake, wakamweka yeye. Mwaka 1995 akampisha baba arudi. Januari 1996 baba akafa kwa ajali ya gari, mtoto akarudi. Katiba yao ya 1993 inamfanya mkuu wa nchi asiye na amri ya serikali. Amri iko kwa waziri mkuu. Kwa hiyo dogo alipotaja Uingereza alipatia, isipokuwa kule wanajeshi huwa wanasahau.

Agosti 30, 2014 nilikuwa Ladybrand na mzigo, tajiri akanipigia saa kumi na mbili asubuhi: usivuke, lala hapo hapo. Jeshi limevamia vituo vya polisi Maseru na waziri mkuu Thabane kakimbilia Afrika Kusini. Nimelala siku tatu nakula mkate na soda. SADC ikamtuma Ramaphosa kusuluhisha, Februari 2015 wakapiga kura mapema.

Bunge lina viti 120. Zamani vilikuwa vya majimbo tu, na 1998 chama kimoja kikazoa 79 kati ya 80. Waliokosa wakawaka, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, katikati ya Maseru pakaungua. Tangu 2002, viti 80 ni vya majimbo na 40 vinagawiwa kufuata jumla ya kura za kila chama. Mimi naona hiyo ni akili. Juu yake kuna Seneti ya watu 33, na 22 kati yao ni machifu wakuu. Sisi machifu tuliwavua madaraka 1963, wao wamewapa ukumbi. Waziri mkuu wa sasa, Sam Matekane, ni tajiri wa ukandarasi. Alianzisha chama Machi 2022, Oktoba hiyohiyo kikapata viti 56.

Na kusafiri: lazima wapite Afrika Kusini, kwa barabara au kwa ndege kupitia Johannesburg.

Mzee wa Fununu

Nakubali nimechapwa. Lakini watu milioni mbili na ushee juu ya mawe, Dar peke yake tuko zaidi ya milioni tano. Wanaishi kwa nini? Trump si alisema 2025 kwamba hakuna aliyewahi kuisikia?

Dereva Tandika

Hajaisikia lakini jinzi wanavaa kwao. Na mwezi uliofuata akatangaza kuzitoza ushuru wa asilimia 50, baadaye ukashushwa mpaka 15.

Ila mali yao kubwa ni maji. Mwaka 1986 walitia saini mkataba na Afrika Kusini, na tangu 1998 maji ya milimani yanapita kwenye mahandaki yanakwenda Johannesburg na viunga vyake. Wanalipwa. Katse nilipanda mara moja nimebeba saruji. Ukuta wa bwawa una kimo cha mita 185, tingo wangu alikataa kuchungulia. Tunashuka, kona ya tatu, tukampita mama kajitwika ndoo, kaloa mgongo mzima, anapandisha kilima. Tingo akasema braza, hapa kama Tandika.

Mama Mapacha (Mbagala)

Nimemsomea yote. Ila Dereva, umeniponza mara ya pili. Asubuhi nafungua atlasi, kauzungushia ule mpaka kalamu nyekundu, pembeni kaandika UZIO 1910, na katikati kachora bibi. Atlasi ya shule! Nimeitwa kesho saa mbili.

Dereva Tandika

Nenda na ile hadithi ya papa. Mwalimu akikataa kucheka, mpe namba yangu.