Mafini yangu ni mazito na yana mashimo ndani: nifanye nini yawe mepesi?

Swali

Habari zenu wapendwa. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikioka mafini, yaani vikeki vidogo vinavyookwa katika vikombe vya trei, nyumbani, nayo kila mara yanatoka mazito na yenye vichwa vilivyochongoka. Nikikata moja katikati naona vishimo virefu vinavyopanda juu, mfano wa njia za mchwa. Natumia gramu 250 za unga wa ngano, vijiko vya chai viwili na nusu vya beking poda, gramu 120 za sukari, mayai mawili, mililita 240 za maziwa na gramu 100 za siagi iliyoyeyushwa. Vyote navitia katika bakuli moja na kuvichapa kwa mashine dakika tano, hadi rojo liwe laini lisilo na donge hata moja. Niliwahi kuongeza beking poda, lakini yaliumuka haraka, yakadidimia, na yakaacha uchungu mdomoni. Nakosea wapi?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, vipimo vyako havina kasoro. Kosa liko katika zile dakika tano za mashine. Unga wa ngano una protini ambazo zikilowa na kukorogwa hushikamana na kufanya utando wa kunata uitwao gluteni. Katika mkate tunautafuta utando huo kwa kukanda, ila katika mafini huibana gesi na mvuke mpaka vijipenyeze kwa nguvu kwenda juu, na hapo ndipo yanapotokea mashimo na vichwa ulivyovieleza.

Chekecha unga, beking poda na chumvi kidogo katika bakuli moja. Katika bakuli la pili chapa mayai, sukari, maziwa na siagi, na hapa chapa utakavyo, kwa kuwa unga haujaingia. Kisha mimina majimaji hayo juu ya unga, uchanganye kwa mwiko kutoka chini kwenda juu mara kumi na mbili au kumi na tano hivi, na uache pale tu usipoona tena unga mkavu. Rojo litakuwa na madonge, nalo litadondoka kutoka kwenye mwiko kwa mapande badala ya kuchuruzika. Moyo utakusukuma uendelee kukoroga. Tafadhali usiendelee, kwa maana madonge madogo hulowa na kupotea yenyewe ndani ya oveni.

Jibu la pili

Naafiki kabisa. Ningeongeza tu kwamba maziwa na mayai yatolewe kwenye friji mapema, kwani siagi iliyoyeyuka ikikutana na maziwa baridi huganda vipandevipande, nawe utajikuta unakoroga zaidi ili kuviondoa. Pia tia kijiko cha beking poda katika maji ya moto: isipotoa povu papo hapo, imekwisha nguvu.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Leo nimetumia mwiko, nikahesabu mara kumi na nne na kuacha, ingawa madonge yalinitia wasiwasi. Nilipoyakata hapakuwa na mashimo, na ndani yanachambuka kwa vidole bila kuvutika. Limebaki jambo moja: juu yamekuwa bapa. Nimeoka kwa digrii 170 tangu mwanzo.

Jibu la tatu

Joto hilo ni dogo kwa kuanzia. Washa oveni mapema ifike digrii 220, jaza vikombe robo tatu, uoke kwa dakika tano, kisha punguza hadi 180 bila kufungua mlango na uendelee kwa dakika kumi na mbili hadi kumi na tano. Moto mkali wa mwanzo huliumua rojo upesi kabla uso haujakauka. Kijiti ulichokichoma katikati kikitoka kikiwa na chembe chache tu, yaepue, na baada ya dakika tano yatoe kwenye trei, la sivyo mvuke utayalowesha chini.